Ufa wa nusu duara juu ya nyumba ya mteremkoni, Bangwe: ni tetemeko, mlima unashuka, au kifusi?

#1 Mgebuka_Mkavu
Wakuu, habari. Naomba wenye ujuzi waje na vipimo.

Nyumba iko mteremkoni upande wa Bangwe, Kigoma. Imejengwa 2019, tofali za saruji za inchi 6. Kiwanja kilikatwa upande wa mlimani kimo cha mita 2.4, udongo uliotoka ukamwagwa upande wa bondeni. Kwa hiyo nyumba imekaa nusu kwenye ardhi asili, nusu kwenye kifusi. Hali ilivyo sasa:

Ardhini, mita 6 juu ya ukingo wa pale palipokatwa, kuna ufa wa mita 11, umepinda kama mwezi mchanga, ncha zote mbili zinaelekea bondeni. Upana mm 15. Ukutani, chumba cha upande wa bondeni, kuna ufa unaopanda ngazi ngazi kutoka kona ya dirisha hadi kwenye ring bimu (mkanda wa zege juu ya kuta), juu mpana kuliko chini. Mlango wa chumba hichohicho unakwama.

Wiki mbili kabla palipita mtikisiko mdogo, mabati yakalia sekunde chache. Majirani wanasema ndilo tetemeko lililopasua. Fundi anasema ni plasta. Mvua hizo zinakuja. Napima nini, naanzia wapi?

#2 Asali_Mbichi
Poleni majirani. Sisi Tabora tumekaa juu ya graniti, mambo ya milima kutembea hatuna. Nakaa hapa nasoma.

#3 Fundi_Kenchi
Plasta haipasuki hivyo. Ufa wa plasta ni mwembamba kama unywele na umetawanyika kama ramani. Chukua patasi, bandua plasta sm 20 kila upande wa ufa. Ukikuta tofali na viungo vyake ni vizima, fundi wako kasema kweli. Ukikuta ufa unafuata viungo au umekata tofali lenyewe, basi ukuta umesogea.

Ufa mpana juu mwembamba chini, mwishoni mwa nyumba, maana yake huo mwisho unazama. Ukiona kinyume chake, mpana chini, ujue katikati ndipo panapozama. Kwako mwisho uko juu ya kifusi. Mimi naona kesi imekwisha: kifusi hakikushindiliwa.

#4 Pima_Maji
Mkuu #3 umeeleza ukuta, ufa wa ardhini hujaugusa. Kifusi kiko bondeni mwa nyumba, ufa uko mlimani. Kifusi kikizama hakiwezi kupasua ardhi asili iliyo juu ya mkato.

Ufa wa mwezi mchanga wenye ncha kuelekea bondeni ndio umbo la kichwa cha poromoko linaloanza. Udongo unakatika juu, unateleza kwenye tabaka la chini, kisha unabenuka miguuni. Mleta uzi, kabla ya lolote jibu haya:

1. Ukingo wa ufa upande wa bondeni umeshuka kuliko wa mlimani? Kwa mm ngapi?
2. Mteremko ni mkali kiasi gani? Usikadirie kwa macho, macho huongeza. Chukua mbao ya mita 1 iliyonyooka, weka ncha moja ardhini upande wa mlimani, ilaze kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha ya pili kwenda chini hadi ardhini. Rudia sehemu tano. Ukipata sm 50 ni kama nyuzi 27, sm 70 ni nyuzi 35, sm 100 ni 45.
3. Miguuni pa ule mkato pamebenuka? Pana unyevu usiokauka hata kiangazi?
4. Kuna maji yoyote juu ya ufa: tangi, karo, choo, shamba linalomwagiliwa?

#5 Dagaa_Kitope
Na miti. Angalia miti iliyopinda shinani halafu ikanyooka juu, ni dalili kwamba udongo unatambaa miaka mingi.

#6 Mama_Kalinzi
#5 hapo mwangalifu. Mpapai na mchikichi huinama kufuata jua, usihukumu mlima kwa mpapai. Angalia vitu visivyoota: nguzo za umeme, nguzo za uzio, kaburi la zege. Nguzo tatu zikiinama upande mmoja kuelekea bondeni, hapo una jambo.

#7 Kijana_wa_Kibirizi
Wakuu tetemeko mnalidharau. Hili ziwa letu la Tanganyika lipo ndani ya Bonde la Ufa, tawi la magharibi, na lilichimbika hadi kina cha mita 1,470 kwa sababu ardhi inapasuka. Mnakumbuka lile kubwa la Bukoba, 6.8? Na letu la 2005 lilikuwa 5.9.

#8 Timazi
#7 umezigeuza. La Kagera ni 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9, kina kama km 40, na waliokufa walikuwa 17 au zaidi. La Ziwa Tanganyika ni 5 Desemba 2005, ukubwa 6.8, saa 9:19 alasiri, kitovu kusini yetu kama km 150, ng'ambo ikaumia Kalemie. Tofauti ya 0.9 inaonekana ndogo, lakini kila namba moja nzima ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo lile la 2005 lilikuwa na nguvu mara 22 kuliko la Kagera. Lililoua zaidi ni lile dogo, kwa sababu lilipiga karibu na nyumba nyingi za tofali zilizounganishwa kwa tope.

Na kama ni ukubwa, hili eneo letu la magharibi lilishapigwa na la 7.4 upande wa Rukwa, 13 Desemba 1910.

#9 Kijana_wa_Kibirizi
Sawa mkuu nimekubali, namba zilipishana. Hoja yangu inabaki: nguvu ipo.

#10 Timazi
Ipo, hakuna anayekataa. Swali ni kama mtikisiko wa kuliza mabati unafanya ufa wa mita 11. Mtafiti Keefer alichambua mwaka 1984 matetemeko 40 ya kihistoria, akaona dogo kabisa lililoangusha ardhi lilikuwa karibu na ukubwa 4, tena mteremko uwe tayari unaning'inia. Mtikisiko mdogo unaweza kumalizia kazi iliyoanzwa na kitu kingine. Kuianza yenyewe, sioni.

Halafu ukuta uliopigwa na tetemeko huwa na alama yake: nyufa za msalaba kati ya madirisha, kwa sababu ukuta umesukumwa huku ukarudishwa kule. Kona mbili za nyumba huachana wima, na gebo (pembetatu ya ukuta chini ya paa) hudondoka kabla ya kitu kingine. Mleta uzi ana ufa wa upande mmoja tu.

#11 Asali_Mbichi
Nyie mnasema milima tu, huku kwetu nyumba zinapasuka hakuna mlima wala tetemeko. Udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, masika unavimba na kuinua msingi. Muulizeni: ufa unafunguka lini na kufunga lini? Ukifunguka kiangazi ukafunga mvua, ni udongo wa mfinyanzi.

#12 Mwamba_Legevu
Umeleta jambo la maana kuliko graniti yako, #11. Ila Bangwe ni jabali la mchanga na kwatsaiti (mchanga ulioganda ukawa mwamba mgumu sana), juu yake udongo mwembamba mwekundu. Mbuga utaikuta mabondeni kama kwenye mto Luiche, si kilimani.

Kwa jabali la aina hiyo swali langu ni moja: matabaka yameinama upande gani? Nenda kwenye mkato wako wa mita 2.4, safisha kwa jembe, utaona mistari ya tabaka kama kurasa za kitabu. Ikiinama kuelekea mlimani, jabali linakusaidia. Ikiinama kuelekea bondeni kwa nyuzi chini kidogo ya mteremko wenyewe, umekata kitako cha rundo la vitabu lililoegemea. Kati ya tabaka na tabaka ukikuta utando wa mfinyanzi laini, unaonyumbulika kama sabuni, hiyo ndiyo njia ya kuteleza.

#13 Mgebuka_Mkavu
Shukrani wakuu. Majibu:

Plasta nimebandua. Ufa unafuata viungo, na tofali mbili zimekatika.
Ukingo wa bondeni wa ufa umeshuka mm 20.
Mteremko sehemu tano: sm 58, 62, 66, 60, 64 kwa mita moja.
Miguuni pa mkato sioni kubenuka, ila kona moja ina majani mabichi na Septemba hii mengine yote yamekauka.
Juu ya ufa kuna shimo la choo la jirani, mita 9 hivi kutoka kwenye ufa, na tangi lake la lita 2,000 ambalo kiungo chake kinadondosha.
Matabaka yameinama kuelekea bondeni. Kwa macho, kama nyuzi 20 na kitu.

#14 Fundi_Kenchi
Tangi la jirani! Basi mchawi kapatikana. Maji yanalainisha udongo kama grisi, mlima unateleza.

#15 Pima_Maji
Wastani wako ni sm 62, nyuzi 32 karibu kamili. Si kali ya kutisha, lakini ndiyo daraja ambalo maporomoko mengi ya udongo mwembamba hutokea. Ukali ukizidi sana udongo haukai kabisa, hubaki mwamba mtupu.

#14, suala la grisi linarudiwa kila mahali na si sahihi. Chukua mchanga mkavu, mwaga: unatengeneza lundo la nyuzi 33 hivi. Unyeshee kidogo: unasimama hata ukuta wa ngome ya watoto ufukweni. Maji yangekuwa grisi ungeporomoka hapohapo. Sasa jaza maji hadi yashindwe kutoka: unageuka uji. Kilichobadilika ni shinikizo. Maji yaliyojaa kwenye vitundu yanasukuma chembe ziachane, uzito uliokuwa unazibana unabebwa na maji, msuguano unakwisha. Ndiyo maana dawa ni kuyatoa maji, na ndiyo maana mlima unaweza kushuka saa kadhaa baada ya mvua kukatika, jua linawaka.

#16 Dagaa_Kitope
Kwa hiyo matone ya tangi yanatosha?

#17 Pima_Maji
Piga hesabu. Weka kopo chini ya kiungo saa moja. Likipatikana nusu lita, kwa siku ni lita 12, kwa mwezi 360, karibu pipa mbili za lita 200, zote sehemu moja, mwaka mzima, bila jua kuzifikia. Choo nacho kina maji yake. Kona yenye majani mabichi inakwambia maji yanatokea wapi. Sisemi ndiyo sababu, nasema lifungwe leo.

#18 Mwamba_Legevu
Mimi bado natazama tabaka. Maji yangekuwepo bila kukata mita 2.4, kitako kingeshikilia. Kitako ndicho kilichoondolewa.

#19 Fundi_Kenchi
Na mimi bado natazama kifusi, kwa sababu ufa wa nyumbani na wa mlimani si lazima viwe kitu kimoja. Kifusi kilimwagwa juu ya majani? Udongo wa kujazia mteremkoni unatakiwa kwanza uchimbe ngazi kwenye ardhi asili, kila ngazi mita 1 hivi, kisha ushindilie tabaka za sm 15 zenye unyevu wa tonge: ukifinya linashikana, ukigusa linavunjika vipande viwili vitatu. Ukimwaga mita 1.5 kwa mara moja juu ya nyasi, nyasi zinaoza, pale katikati panabaki utelezi, na nyumba inaenda na kifusi chake. Nondo ya mm 12 ukiisukuma kwa mkono ikaingia nusu mita bila nyundo, hapo hapakushindiliwa.

#20 Mama_Kalinzi
Uzi mzima mnabishana chanzo, mtu mvua inamkuta. Aanze kupima mwendo. Upana wa ufa leo hauna maana kama mabadiliko yake.

Mleta uzi: kata nondo vipande vya sm 60, vinne. Piga viwili mlimani mwa ufa na viwili bondeni mwake, kila kimoja sm 50 toka ukingoni, kibaki sm 10 nje. Mbao usitumie, huvimba kwa unyevu na kukudanganya mm 2 au 3. Chora alama kwa msumeno juu ya kila nondo, pima kutoka alama hadi alama kwa futi ya chuma, saa ileile kila siku, mtu yuleyule. Ukutani piga misumari mitatu ya pembetatu, miwili upande mmoja wa ufa na mmoja upande wa pili. Ukiwa na miwili tu utaona kufunguka, hutaona kushuka.

Andika kwenye daftari pamoja na mvua.

#21 Asali_Mbichi
Mvua anapimaje, aende TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa)?

#22 Mama_Kalinzi
Kopo lolote lenye kuta wima, si lile linalotanuka juu, mdomo sm 10 au zaidi. Liwe mbali na bati na miti, umbali mara mbili ya kimo cha hivyo vitu. Asubuhi saa 3 chovya rula, soma mm, mwaga. Saa 3 asubuhi ndiyo saa ya vituo pia, utaweza kulinganisha.

#23 Timazi
Kwa wanaotaka namba ya kuanzia: mtafiti Caine, mwaka 1980, alikusanya matukio 73 ya maporomoko ya juu juu duniani akachora mstari wa chini kabisa. Ukiufuata, mvua ya mm 29 kwa saa 3, mm 60 kwa saa 10, au mm 103 kwa saa 24 inatosha kuanzisha.

#24 Mwamba_Legevu
Namba sahihi, matumizi yake tuyaangalie. Ule ni mstari wa chini wa dunia nzima, haukuchorwa kwa Kigoma, na hauhesabu mvua ya wiki iliyotangulia. Mm 60 za mwanzo wa msimu huishia kwenye udongo mkavu. Mm 60 hizohizo Aprili, baada ya miezi mitano ya kunyesha, ni habari nyingine. Mwenye daftari ajumlishe siku 10 zilizopita, asitazame ya leo peke yake.

#25 Kijana_wa_Kibirizi
Sisi wa chini tambarare tupo salama basi, nyie wa vilimani ndio mlale macho.

#26 Dagaa_Kitope
Uliza Katesh. 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, tope likashuka na mawe na magogo hadi mjini tambarare. Siku ya kwanza watu walisema volkano, haikuwa volkano. Waliopigwa hawakuwa wanaishi mteremkoni.

Tazama vijiji vya kaskazini, Mtanga, Mwamgongo, Zashe, hadi Kagunga. Vimekaa juu ya feni (lundo lililotandaa) ya mchanga na mawe iliyoletwa na vijito hivyohivyo, kwa sababu ndipo mahali pekee tambarare kati ya mlima na maji. Ukikuta uwanjani jiwe la ukubwa wa meza, lenye kona kona, katikati ya mchanga, kijito cha kawaida hakikulibeba. Tope ndilo lililolibeba.

Dalili ya dakika za mwisho: mvua inaendelea lakini kijito kinapungua ghafla. Maana yake kimezibwa juu. Ondokeni pembeni, mpande kingo za bonde. Kukimbia kufuata kijito kwenda ziwani ni kukimbizana nacho.

#27 Kijana_wa_Kibirizi
Haya nimenyamaza. Na ziwa lenyewe? Kuna jamaa anasema litalipuka gesi kama lile la Kameruni.

#28 Timazi
Nyos, 21 Agosti 1986, watu kama 1,700. Lile ni ziwa dogo la kreta (shimo la volkano) lililokuwa limejaa kaboni dayoksaidi. Lenye mzigo wa gesi huku kwetu ni Kivu. Tanganyika maji yake ya chini hayana oksijeni, lakini gesi iliyoyeyuka humo ni kidogo sana ukilinganisha na Kivu. Msipoteze usingizi kwa hilo.

Cha kufikiria ni poromoko kuingia majini, kwani kuta za ziwa hili zinaendelea kushuka hivyohivyo chini ya maji. Linaweza kusukuma wimbi. Mtu akiwa ufukweni akatikiswa kwa nguvu sekunde 20 na zaidi, apande juu, asisubiri tangazo.

#29 Mwamba_Legevu
Hapo kwenye sekunde kuna kipimo kizuri cha bure. Tetemeko hutuma mshindo wa kwanza mwepesi, kisha wa pili wenye kuyumbisha. Hesabu sekunde kati yao, zidisha kwa 8, unapata km hadi kitovu. Sekunde 5 ni km 40. Lile la 2005 kwa Kigoma ilikuwa kama sekunde 18. Mleta uzi, mabati yako yalilia mara moja au mara mbili?

#30 Mgebuka_Mkavu
Mara moja tu, kama lori limepita. Sasa hata sina hakika kama halikuwa lori.

#31 Asali_Mbichi
🤣🤣 Uzi wa tetemeko, mtuhumiwa Fuso.

#32 Pima_Maji
Twende Ujiji kidogo, nimeona watu wanajenga karibu na Luiche. Kwa tetemeko, hatari ya kule ni kubwa kuliko Bangwe. Mwamba unatikisika kidogo, mchanga wa delta unakuza mtikisiko. Na mchanga laini uliojaa maji karibu na uso hugeuka uji kwa sekunde: nyumba inazama upande, karo linaelea. Chimba shimo la mita 1 (ukizidi mita 1.2 kingia kuta, mchanga huzika mtu). Maji yakijaa humo, na mchanga ni wa chembe laini za saizi moja kama sukari, hapo usiweke nyumba nzito bila mhandisi.

Miaka ziwa lilipopanda, 2020 na 2021, kisha tena 2024, maji ya chini ya ardhi nayo yalipanda kote pwani. Sehemu iliyokuwa salama kwa tetemeko kiangazi cha 2010 huenda si salama ziwa likijaa.

#33 Kijana_wa_Kibirizi
Ila sheria ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani si ipo? Ukikaa nje yake umemaliza.

#34 Fundi_Kenchi
Sheria ya mazingira ya 2004, kifungu cha 57, ndiyo. Mita 60 za kulala, si za kwenda juu. Pwani ikiwa na mteremko wa 1 kwa 100, ziwa likipanda mita 1 maji yanaingia mita 100. Umefuata sheria na umelowa.

#35 Mama_Kalinzi
Mnara wa Livingstone pale Ujiji unawafundisha. Mwaka 1871 ziwa lilikuwa juu, maji hayakuwa mbali na pale. Mwaka 1878 kizuizi cha mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, kilibomoka na ziwa likashuka takriban mita 10 kwa miaka kama 15. Ardhi inayouzwa leo kama viwanja vya tambarare ilikuwa chini ya maji babu wa babu zetu wakiwa hai.

#36 Mgebuka_Mkavu
Wakuu tumefika Kongo. Naomba turudi Bangwe. Nataka kujenga ukuta wa kuzuia udongo pale penye mkato. Fundi amesema tofali za inchi 6, kimo mita 2.4, nguzo kila mita 3. Inatosha?

#37 Pima_Maji
Haitoshi. Mita 2.4 ya udongo mkavu inasukuma kama tani 1.7 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Maji yakijaa nyuma yake msukumo unafika tani 3.7. Hizo ni hesabu za udongo ulio sawa juu, wako unapanda nyuzi 32, ongeza tena.

Ukuta wa mawe wa uzito: kitako kisipungue nusu ya kimo, kwako mita 1.2 hadi 1.4, uso uegemee mlimani kidogo, msingi uingie chini ya ardhi ngumu nusu mita. Nyuma yake kokoto unene wa sm 30 kutoka chini hadi juu, na matundu ya bomba la inchi 3 kila mita 1.5, yakiinama nje. Kosa linalorudiwa ni kuweka matundu halafu nyuma yake udongo mtupu. Msimu mmoja yameziba.

#38 Mwamba_Legevu
Lakini usichimbe msingi wa ukuta huo kabla ya mvua! Ukichimba kitako wakati ufa uko wazi juu, unamalizia kazi. Kama lazima, chimba vipande vya mita 2, jenga, ruka, kisha rudi. Na kama njia ya kuteleza inapita chini ya msingi wa ukuta, ukuta utasafiri pamoja na mlima.

#39 Fundi_Kenchi
Kwa sasa: ufa uzibwe kwa mfinyanzi wa kushindilia, ufunikwe turubai, na mfereji uchimbwe juu ya ufa mita 4 au 5 kupeleka maji pembeni. Mfereji uwe na saruji au karatasi ya nailoni. Mfereji wa udongo mtupu juu ya ufa ni bomba la kumwagilia poromoko.

#40 Dagaa_Kitope
Na nyasi za vetiva?

#41 Mama_Kalinzi
Nzuri kwa mmomonyoko na udongo wa juu, mizizi inafika mita 2 hadi 3. Poromoko likikatika chini ya hapo linabeba vetiva yako ikiwa kijani kabisa. Migomba ndiyo usiitegemee hata kidogo.

#42 Timazi
Na chumba cha bondeni wasilale mvua ikizidi, hasa usiku. Wakijenga upya: renta (bimu ya juu ya milango na madirisha) izunguke kuta zote bila kukatika, unene sm 15, nondo 4 za mm 12, ringi kila sm 15, kwenye kona nondo zipindwe na kupandana sm 60. Dirisha likae sm 60 au zaidi kutoka kona. Mota ya kuta mfuko mmoja kwa ndoo 10 za lita 20 za mchanga, na hapo msiongeze toroli "moja ya baraka".

#43 Mgebuka_Mkavu
Mrejesho. Tangi limefungwa, jirani tumeelewana. Nondo nimepiga, umbali kwa mm, jozi ya kushoto: 1,012, 1,012, 1,012, 1,013, 1,013. Juzi mvua ya kwanza, kopo mm 38. Jana 1,016. Leo 1,016. Jozi ya kulia haijabadilika, 1,020 siku zote. Misumari ya ukutani imebadilika mm 1, kushuka, si kufunguka.

#44 Fundi_Kenchi
Mlimani jozi moja tu, ukutani imeshuka. Nilisema, ni mambo mawili. Kifusi.

#45 Mwamba_Legevu
Au ni kipande cha kushoto tu kinachoteleza juu ya tabaka, na cha kulia kimeegemea jabali. Kona yenye majani mabichi iko upande upi?

#46 Mgebuka_Mkavu
Kushoto.

#47 Pima_Maji
Na choo cha jirani?

#48 Mgebuka_Mkavu
Kulia.

#49 Asali_Mbichi
Sasa hapo mmeniacha. Mbuzi hakupita kwenye hiyo nondo ya kushoto?